Propela Inayokimbia na Propela Inayobeba

Kusi ikianza kulegea na watu wakaanza kurudisha boti majini, ombi ninalolisikia zaidi kwa manahodha ni hili: "Fundi, nitafutie propela inayokimbia." Ni nadra mtu kuanza kwa kuniambia atabeba nini, atapita mlango gani, au mashine yake ilikuwa ikizunguka kiasi gani na propela ya zamani. Anataka mbio. Na mbio zenyewe atazipima asubuhi moja, maji yametulia, boti tupu, yeye na kijana mmoja tu ndani. Akirudi pwani anacheka, na siku hiyo mimi huonekana fundi hodari.

Kazi yenyewe haiko hivyo. Boti inayovua huondoka na barafu, madumu ya petroli, nyavu na watu watano au sita, na hurudi na samaki juu ya hayo yote. Boti ya abiria hujaa watu na magunia yao. Propela iliyopendeza siku ile ya majaribio sasa inaikaba mashine, mafuta yanakwenda maradufu, na nahodha anaanza kulaumu plagi, kabureta, hata petroli ya kituo. Kwa rai yangu, propela huchaguliwa kwa mzigo ule mzito ambao boti hubeba siku nyingi, na hakimu wake ni mizunguko ya mashine. Hisia za upepo usoni haziwezi kuwa hakimu. Nitaeleza kwa nini, kisha nieleze namna ya kupima.

Itazame propela yako karibu na katikati, au ubavuni mwa kitovu chake. Utaona nambari mbili zilizotenganishwa kwa alama ya mara, kwa mfano 11 3/8 x 13. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo ncha za mabawa hulichora zikizunguka. Ya pili huitwa pichi. Zote ni kwa inchi. Kuna kampuni zinazotanguliza idadi ya mabawa, basi ukiona nambari tatu usishangae, na kwa Yamaha herufi inayofuata mwishoni huonyesha jamii ya mguu wa mashine ambao propela hiyo huingiana nao. Propela mbili zenye nambari sawa na herufi tofauti huenda zisikae kwenye shafti moja.

Pichi ndiyo inayowatatiza watu. Fikiria skrubu unayoipenyeza kwenye ubao wa mvule. Kila ukiizungusha mara moja, huingia ndani kiasi fulani, na skrubu yenye meno yaliyolala huingia kidogo kuliko yenye meno yaliyosimama. Propela nayo hivyo hivyo. Pichi ya 13 maana yake ni kwamba kama maji yangekuwa magumu mithili ya ubao, kila mzunguko mmoja ungeisukuma boti mbele inchi 13, karibu sentimita 33.

Tufanye hesabu kidogo, si ngumu. Chukua mashine inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia ya mguuni inapunguza mizunguko hiyo nusu, kwa hivyo propela inazunguka mara 2,500. Zidisha kwa sentimita 33, unapata mita 825 kwa dakika, ambazo ni karibu kilomita 50 kwa saa. Lakini maji si ubao. Propela huteleza, na boti haifiki mwendo huo hata siku moja. Boti nyepesi iliyoinuka vizuri juu ya maji huenda ikapoteza sehemu kumi hadi ishirini kwa mia. Boti nzito ya kazi hupoteza zaidi, na ile iliyoshindwa kuinuka, inayolima maji huku omo ikitazama mbinguni, hupoteza vibaya sana. Ndiyo maana anayenunua pichi kubwa akidhani amenunua mwendo huenda amenunua mtelezo tu.

Sasa tuje kwa mashine. Kila mashine imepangiwa kiwango cha mizunguko inachotakiwa kufikia mafuta yakifunguliwa yote, na kiwango hicho kimeandikwa katika kitabu chake. Nyingi katika zile mashine za 40 za kuchanganya oili na petroli, ambazo ndizo punda wetu wa pwani, huandikwa 4,500 hadi 5,500. Zile za oili yake mbali mara nyingi huwa 5,000 hadi 6,000. Soma kitabu cha yako, na kama kilikuja katika sanduku na kikatumiwa kuwashia jiko, muulize wakala. Nambari hiyo ina maana nzito. Nguvu ya farasi 40 uliyoilipia hupatikana mashine ikiwa ndani ya kiwango hicho, hasa nusu ya juu. Ikizunguka 3,900 huku umefungua yote, hizo farasi hazipo zote, wengine wamelala zizini.

Pichi ikiwa kubwa kuliko mzigo unavyoruhusu, mashine haifiki kiwango chake. Ni sawa na dereva wa tuktuk anayepanda kilima kwa gia ya nne: mkono umekunjwa mpaka mwisho, chombo kinatetemeka, hakiendi. Petroli inaingia kwa wingi na haiungui yote vizuri, masizi yanajaa kwenye pistoni na tundu la moshi, joto linapanda, na baada ya misimu miwili mteja ananiletea pistoni iliyotoboka au ringi zilizokwama akisema oili ilikuwa mbaya. Mara nyingine kweli oili huwa mbaya. Lakini nimefungua mashine nyingi za namna hii, na kwa kawaida swali langu la kwanza kuhusu propela hunipa jibu kabla sijafika kwa oili.

Pichi ikiwa ndogo mno, hitilafu inageuka upande wa pili. Boti inaondoka kwa nguvu, inabeba, lakini mashine inapiga kelele na kupita kiwango chake, na ukiiacha hivyo saa nyingi inajila yenyewe. Kati ya makosa haya mawili, hili la pili nahodha anaweza kulidhibiti kwa mkono, kwa kurudisha mafuta kidogo. Lile la kwanza halina dawa mkononi. Ukishafungua yote, umefungua yote.

Na hapo ndipo jambo hili linapotoka katika hesabu ya petroli na kuwa hesabu ya watu. Mwenye kupita mlango wa Shela wakati wa kusi, au mlango wowote wa mwamba ambapo wimbi la bahari kuu hukutana na maji yanayotoka, anajua kwamba kuna dakika moja au mbili ambazo nahodha anahitaji boti imsikilize. Wimbi linakuja kutoka tezi, linainua nyuma, na yeye anataka kuongeza mwendo akae mgongoni mwa wimbi lililo mbele, asubiri, kisha apite. Mashine iliyokabwa na propela kubwa haiongezi. Anafungua mkono, na boti inatafakari. Wimbi halitafakari. Katika hali hiyo kasi ya mwisho ya boti haina faida yoyote kwa abiria, kinachowafaa ni namna boti inavyoondoka kutoka mwendo mdogo ikiwa imejaa. Huo ndio uwezo unaouzwa watu wanapouziwa "propela inayokimbia".

Kupima si jambo la wataalamu peke yao. Mashine zetu za mkono hazina mita ya mizunguko, lakini kuna takometa ndogo ambazo waya wake mmoja huzungushwa kwenye waya wa plagi na kusoma mizunguko bila kuunganishwa popote. Zinauzwa na wauzaji wa vipuri vya pikipiki na jenereta, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na propela moja. Ila hakikisha umeiwekea aina sahihi ya mashine yako, kwani mashine nyingine hutoa cheche mara moja kila mzunguko na nyingine mara moja kila mizunguko miwili, na ukikosea hapo takometa itakusomea nusu au maradufu. Kundi zima la wavuvi katika bandari moja laweza kununua moja na kuazimana.

Pakia boti kama siku ya kazi. Nikisema kama siku ya kazi nakusudia madumu ya maji au viroba vya mchanga badala ya barafu na samaki, watu ndani kama kawaida, na tangi la petroli limejaa. Nenda mahali penye kina na nafasi, mbali na waogeleaji na nyavu za wenzako, kamba ya kuzimia mashine ikiwa imefungwa mkononi. Kwanza angalia boti inachukua muda gani kuinuka juu ya maji kutoka kusimama. Kisha fungua yote kwa sekunde chache, soma mizunguko, punguza. Fanya hivyo ukienda na ukirudi njia ile ile, maana mkondo hukudanganya mwendo upande mmoja na kukupunja upande wa pili. Mwendo wenyewe simu yako inatosha kuupima. Andika. Tena andika na mzigo ulikuwa kiasi gani, usiniletee nambari za kichwani baada ya wiki mbili.

Tuseme umesoma 4,600 kwa propela ya pichi 13, na kitabu kinasema 4,500 hadi 5,500. Wengine watasema umo ndani ya kiwango, basi vizuri. Mimi nasema uko mlangoni. Siku ya samaki wengi, au ukichukua jeraha la mwani na chaza chini ya boti kwa mwezi mmoja bila kupara, utashuka chini ya 4,500. Kanuni ambayo mafundi wengi huifuata ni kwamba kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kiasi cha 150 hadi 200. Ukitaka kufika karibu na 5,000 unahitaji mizunguko 400 zaidi, kwa hivyo unashuka inchi mbili hadi tatu: jaribu pichi ya 11. Boti itainuka mapema, mashine itapumua, na ukiwa na mzigo huenda ukaona mwendo umeongezeka ingawa umepunguza pichi. Hili ndilo watu hawaliamini mpaka walione kwa macho.

Ukirudi mtupu na propela hiyo ya 11, mashine itataka kupita 5,500. Rudisha mkono. Kama kazi zako ni za aina mbili zilizoachana kabisa, kwa mfano kubeba mawe na mchanga siku za wiki na kupeleka watalii wanne kuogelea Jumamosi, basi nunua propela mbili na uzibadilishe, ni nati moja na dakika kumi. Nimewaona wanaofanya hivyo na hawalalamiki.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, para boti. Chaza na mwani chini ya boti hupunguza mizunguko na mwendo kama vile mtu ameifunga nanga. Ukipima boti chafu utachagua propela ya boti chafu.

Mabawa matatu au manne? Kwa boti nyingi zetu za kawaida matatu yanatosha, na ni rahisi kupatikana. Manne hushika maji vizuri zaidi, huinua tezi, na huifanya boti nzito ikae juu kwa mwendo mdogo, huku ukipoteza kidogo katika mwendo wa mwisho. Ukihama kutoka matatu kwenda manne, punguza pichi, kwa kawaida inchi moja, kwani bawa la ziada nalo ni mzigo kwa mashine. Boti ya abiria iliyo nzito upande wa nyuma ningeipa manne bila kusita. Boti ya uvuvi wa ndani ya mwamba, hapana, sioni sababu ya gharama.

Kuhusu chuma chenyewe nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Propela za chuma kisichoshika kutu zinang'aa, bawa lake ni jembamba na halipindi likibebeshwa, na kweli huongeza mwendo kidogo. Kwa maji yetu ya matumbawe na milango mifupi mimi napendekeza alumini. Njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakipwa siku za bamvua, ni ushahidi tosha kwa wanaokwenda Siyu, Faza na Kizingitini: mashine hugusa tope, na penye tope huenda pana jiwe. Bawa la alumini likigonga mwamba hupinda au hukatika, na hasara ni propela. La chuma kigumu halipindi, basi pigo linasafiri kwenda kwenye shafti na gia, na hasara ni mguu mzima. Alumini ni kama fyuzi, afadhali iungue yenyewe.

Kuna kinga nyingine ndani. Mashine ndogo, na za zamani, zina pini inayokatika propela ikigonga. Kubwa zaidi zina mpira uliobanwa kati ya kitovu cha ndani na mwili wa propela, na mpira huo huteleza pigo likiwa kali. Ukichakaa huanza kuteleza hata bila pigo. Dalili yake ni mashine kupiga kelele na kupandisha mizunguko huku boti haiongezi mwendo, na wengi hudhani gia imekufa. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi mwili wa nje. Ukirudi na mistari miwili imeachana, umejua, na umeokoa gharama ya kufungua giaboksi.

Sasa, propela nzuri kwenye mashine iliyofungwa vibaya ni pesa zilizotupwa. Juu ya propela kuna lile bapa pana la mguu. Kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isivutwe chini hadi kwenye mabawa. Simama nyuma ya boti ikiwa nchi kavu, weka ubao ulionyooka chini ya boti uendelee nyuma, na utazame bapa liko wapi. Kwa boti ya kawaida liwe sawa na chini ya boti au chini yake kidogo, kama inchi moja. Likiwa juu sana, propela inakula hewa kila ukikata kona au wimbi likikuinua, mashine inalia na boti inapotea nguvu. Likiwa chini sana, mguu unaburuta maji na unatafuta mawe. Miguu ya mashine hupimwa kwa ubao wa tezi wa inchi 15 au 20, na kubwa 25, na nimeona boti mpya yenye ubao wa 20 ikifungwa mguu wa 15 kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Hakuna propela itakayotibu hilo.

Mashua zetu za mbao zina jambo lake. Mkuku unaokuja mpaka mwisho wa tezi ukiwa mnene hupasua maji na kuacha mfereji wa hewa na povu, na mfereji huo unakwenda moja kwa moja kwenye propela. Waunzi wa zamani hawakuujenga mkuku kwa ajili ya mashine za kufungwa nyuma, walijenga kwa tanga, hawana lawama. Dawa ni mwunzi kuuchonga uwe mwembamba na kuumaliza polepole kabla ya kufika tezi, au kuishusha mashine inchi moja au mbili zaidi. Ongea na mwunzi kabla hujaongea nami.

Vijana wa jetski wa Nyali na Diani wataniambia haya hayawahusu, wao hawana propela nje. Wanayo impela ndani ya mrija, na chini ya tezi wana bapa lao ambalo huamua omo ya jetski itainuka au itatulia, itashika maji kwenye kona au itaruka-ruka. Bapa refu hutuliza chombo kwenye mwendo wa kasi, fupi hukifanya kiwe chepesi kugeuka na kuchezea mawimbi. Nao hubishana vile vile, na huagiza lile la mashindano ya maji matulivu kisha wakaenda nalo kwenye mawimbi ya Julai. Ugonjwa ni mmoja.

Tugusie za mkono wa pili, kwa sababu wengi wetu ndizo tunazonunua. Iweke propela mezani, kitovu kimelala sawa, na upime urefu kutoka meza hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila bawa, mahali pamoja, kwa mfano inchi nne kutoka katikati. Tofauti ya kingo hizo mbili iwe sawa kwa mabawa yote. Bawa moja likitofautiana limeshapindwa na kunyooshwa kwa nyundo, na litatikisa shafti mpaka beringi na sili zife. Tazama pia ncha: ncha zilizolika zinapunguza kipenyo, na nambari iliyopigwa muhuri haisemi kweli tena. Hesabu meno ya ndani na uyafananishe na shafti yako kabla ya kulipa. Propela iliyoungwa kwa weldi sikatai moja kwa moja, lakini ningeitumia kama akiba tu, si ya safari ya kila siku na watu.

Kuna neno kwa wanaotoa boti. Vikundi vya wavuvi hupokea boti za faiba na mashine kutoka kwa serikali na wafadhili, na picha hupigwa, na ni jambo la heri. Propela inayokuja ndani ya sanduku imechaguliwa na kiwanda kwa boti ya wastani ambayo hakijaiona. Boti ya futi 28 inayobeba tani ya barafu na samaki si hiyo. Karatasi ya zabuni ingeweza kuandika sentensi moja tu: boti ijaribiwe na mzigo wake, mashine ifike kiwango chake cha mizunguko, na ikabidhiwe pamoja na propela ya akiba. Sentensi hiyo haina gharama kubwa katika zabuni ya mamilioni, na kila tarehe 14 EPRA inapotangaza bei ya petroli, ni kikundi kinacholipia kukosekana kwake. Wakuu wa BMU, mkiitwa kwenye kikao cha kupanga, liulizeni hili kabla boti haijanunuliwa. Baada ya picha mtakuwa mmechelewa.

Utunzaji wenyewe si mrefu. Kila baada ya wiki chache fungua nati, toa propela, na utazame nyuma yake. Karibu kila mara nikifungua mashine ya mvuvi nakuta uzi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti. Uzi huo hukata sili, maji yanaingia kwenye giaboksi, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na gia zinakwisha kimya kimya. Utoe kwa mkono, usiukate kwa kisu ukachuna sili. Paka meno ya shafti grisi ya baharini, rudisha washa zote kwa mpangilio wake, hasa ile nene ya mbele inayopokea msukumo, kaza nati, na uweke pini mpya ya kufungia. Pini ya zamani iliyonyooshwa hukatika. Kile kipande cha zinki kilicho kwenye mguu kikiwa kimelika nusu, badilisha, na usikipake rangi, maana kazi yake ni kuliwa na chumvi kabla ya alumini, na kikipakwa rangi chumvi itaanza na mguu.

Na ndani ya boti, chini ya kiti cha tezi, pakae propela ya akiba hata kama ni ya zamani, nati moja, pini mbili, washa, koleo na spana inayoingia. Vyote katika mfuko uliofungwa kamba kwenye boti, kwa sababu utavifungua ukiwa umeinamia maji, boti inayumba, na nati ikianguka baharini spana haina kazi tena.